Maji Yaliyopita Tukizika

Tulimzika mdogo wangu siku ya Alhamisi, katikati ya kipupwe, na jeneza lilikuwa halijafika chini maji ya kahawa yalipopita kwenye mfereji.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba yetu, penye migomba, hatua chache kutoka ule mfereji unaoteremka kilimani. Maji ya kahawa hayafichiki. Yanakuja na povu, rangi ya chai iliyopauka, maganda mekundu yanaelea juu, na uchachu wake unakupanda puani hata ukiwa na mafua. Wanaume walioshika kamba wakatazamana. Mwinjilisti akaendelea kuomba, lakini nilimwona akifungua jicho moja. Mama hakuinua uso. Alikuwa ameikumbatia kofia ya sufu ya mdogo wangu, ile nyekundu yenye kifundo juu, na nadhani wakati ule hata mto mzima ungepita asingeuona.

Asiyezaliwa kwetu atauliza, maji machafu yamemkosea nini maiti? Ngoja nieleze. Kijijini kwetu Mbozi, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Ihanda, mtu akifa jembe linalala. Tangu kilio cha kwanza mpaka kaburi lifunikwe, hakuna anayelima, hakuna anayechuma, hakuna anayezungusha mashine ya kumenyea kahawa. Kila nyumba inaleta gogo la kuni na sahani ya unga, na watu wanakaa na wafiwa. Kahawa ikiiva mpaka idondoke, acha idondoke. Mashine zetu zilikuwa za mkono, zinataka maji mengi, na maji yote yalitoka kwenye mfereji mmoja. Ukimenya kahawa juu, aliye chini anajua. Na juu yetu kulikuwa na nyumba moja tu.

Ilikuwa nyumba ya wageni, mume na mke waliotoka bondeni, Ndalambo. Ng'ombe wao walikufa kwa ugonjwa wakaisha, wakapanda huku kwenye baridi na kuchukua shamba dogo la kahawa la mzee mmoja aliyehamia kwa mwanawe. Walikuwa wamekaa miaka sita, lakini kijijini miaka sita ni jana. Hawakuwa na mtoto wala ndugu. Mume alikuwa akikohoa tangu masika, na mke ndiye aliyefanya kila kitu. Sisi watoto tulimwita Mama wa Juu, kwa sababu alikaa juu yetu, na jina likamganda mpaka wakubwa nao wakalitumia.

Mimi ni mtu wa hasira. Sijisifu, naeleza tu, maana bila hilo haya mengine hayaeleweki. Nilikuwa na miaka kumi na minne na siku mbili nzima nilikuwa sijalia. Mdogo wangu alikuwa na miaka minne. Kifua kilimbana Jumatatu, Jumatano alfajiri akawa amekwisha, na katika siku zile mbili kila mtu aliniambia nimtegemeze mama, nichote maji, nipokee sahani za unga. Nilikuwa natafuta mtu wa kumkasirikia. Kumkasirikia Mungu niliogopa. Maji yale yalipopita nikaona nimepata. Nikachomoka katikati ya watu, nikapanda kilimani nikipita migombani, viatu mkononi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba yake. Alikuwa anazungusha mpini wa mashine kwa mikono miwili, mgongo umeinama, na alikuwa analia. Hakulia kwa sauti. Machozi na makamasi vilimtiririka tu mpaka kidevuni, akawa anajifuta kwa bega bila kuuacha mpini. Mara moja alisimama, akaweka paji la uso juu ya chuma kile cha baridi, akakaa hivyo, kisha akaanza tena kuzungusha. Ndani mumewe alikohoa kikohozi kirefu. Nilisimama nyuma ya mgomba muda ambao mtu angemaliza sala fupi, halafu nikageuka nikakimbia chini.

Niliporudi kaburi lilikuwa limefunikwa, wanaume wanalipiga udongo kwa nyuma ya makoleo. Balozi wa nyumba kumi alinishika mkono akaniuliza mbele ya watu, "Umeona nini huko?"

"Mama wa Juu anamenya kahawa."

"Yuko na nani?"

"Peke yake," nikasema. Kisha nikaongeza, "Anaimba."

Sikulipanga lile neno. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini siku ile ulimi wangu haukujikwaa. Ulitembea vizuri kabisa, ukaenda nilikotaka uende. Nilisikia wanawake wakivuta pumzi kwa pamoja, na nitasema ukweli: nilijisikia vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, nilijisikia vizuri.

Kwa kahawa peke yake yule mama asingepata tabu kubwa. Angeitwa, angeomba radhi, angeleta kuku kwa wafiwa, na baada ya wiki mbili watu wangekuwa wanamtania kuhusu ulafi wa watu wa bondeni. Lakini kuimba wakati mtoto wa jirani anashushwa kaburini ni jambo jingine. Jumamosi aliitwa kwa balozi. Tulijaa uani, wengine wamejifunika mashuka juu ya makoti, pumzi zikitoka midomoni kama moshi. Akapiga magoti.

"Nimekosa," akasema. "Kahawa niliichuma Jumanne, kabla ya msiba. Ilikuwa imelala kwenye magunia ikaanza kunuka. Na mgonjwa ndani mnamjua. Hiyo kahawa ndiyo hospitali yake. Nimekosa, nisameheni."

Watu walielewa hapo. Ulikuwa ndio mwaka ambao wanunuzi binafsi walianza kutufikia na magari yao, na wale hawakuwa kama chama chetu cha ushirika cha zamani. Walikuwa wanachovya mkono guniani, wananusa, na kahawa ikinuka uvundo wanaisukuma pembeni kwa mguu. Hata balozi alitikisa kichwa kwa huruma kidogo. Kisha akauliza, "Kahawa tumeielewa. Na nyimbo je?"

Mama wa Juu akainua macho. Akawatazama watu mmoja mmoja kama anayetafuta mlango, mpaka macho yake yakanifikia mimi niliyesimama nyuma ya mama. Yakakaa hapo. Mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu. Nilipoinua uso alikuwa ameshatazama chini.

"Nimekosa," akasema tena. Ni hilo tu alilosema.

Watu wakalichukulia hilo kuwa amekiri. Hukumu ikatoka hapo hapo: asiingie mtu uani kwake, asipewe moto wala kuni, na siku kifo kitakapobisha kwake, wajichimbie wenyewe.

Kipupwe cha mwaka ule sijakiona tena. Watu wa pwani wakisikia baridi wanadhani ni ile ya kukufanya uvae sweta jioni. Yetu ya Juni na Julai inaingia kwenye mifupa ikakaa kama mpangaji. Asubuhi ukungu unafunika migomba huoni hata choo, upepo unavuma kutoka upande wa Zambia, na maji ya mfereji yanauma vidole mpaka kahawa unaiosha huku unapiga kelele. Baba alikuwa anapakua mizigo Tunduma, mpakani, akarudi kazini siku ya nne baada ya maziko. Tukabaki mama na mimi.

Tulikuwa na blanketi moja zito, la rangi ya kijivu, baba alilinunua mpakani kwa Wazambia. Nilikuwa nalala nalo mimi na mdogo wangu. Alikuwa mtoto wa fujo usingizini, analivuta lote, anajiviringisha nalo kama maandazi kwenye gazeti, na mimi naamka nikitetemeka na kumfinya. Sasa blanketi lilikuwa langu lote. Nilipata joto mpaka miguuni, na nililichukia joto lile. Asubuhi nililikunja na kulitupa pembeni kana kwamba limenikosea.

Mama naye alikuwa na ugonjwa wa kuridhika. Naita ugonjwa kwa sababu wakati ule niliuona hivyo. Kila jioni kabla ya chakula alifumba macho akashukuru kwa unga uliopo, kwa kuni zilizopo, kwa mtoto aliyebaki, na kila mara alimaliza kwa maneno yale yale: "Leo inatosha, Bwana." Hakuwahi kuomba kesho. Mimi upande wa pili wa jiko nilikuwa nasaga meno. Inatosha nini? Mtoto yuko chini ya udongo, ugali na maharage siku ya tano mfululizo, na huyu anasema inatosha! Mara moja nilimwuliza kwa ukali kama kweli hamlilii mdogo wangu. Akaacha kusonga ugali, akanitazama.

"Namlilia," akasema. "Lakini siku moja moja. Nikijaribu kumlilia wa miaka yote ijayo nitakufa leo."

Wiki ya pili mama aligundua kwamba juu hakufuki moshi. Mama wa Juu alikuwa hawezi kumwacha mgonjwa akatafute kuni mbali, na kibiriti kilipoisha hakuwa na wa kumwomba moto. Mama akachukua kigae, akatia makaa, akajitwika kuni chache kichwani, akapanda. Mchana kweupe, kila mtu anaona.

Jumapili wanawake walimzunguka nje ya kanisa. Mmoja, jirani yetu wa kushoto, alisema kwa uchungu wa kweli, "Dada, sisi tumejinyima ujirani na yule mtu kwa ajili yako. Na wewe mfiwa mwenyewe ndiye unampelekea moto?"

"Ndiyo, mimi ndiye niliyefiwa," mama akasema. "Hasira ya msiba ni yangu, na mimi nimechoka kuibeba. Nyie mnaibeba kwa ajili ya nani?"

Wakatawanyika mmoja mmoja. Lakini hakuna aliyemfuata.

Akaendelea kupanda kila siku. Alipeleka moto, akapeleka uji, akamgeuza mgonjwa. Siku moja akaniambia nilete blanketi.

"Kule wanajifunika magunia," akasema. "Wewe una shuka na koti la baba yako. Tuwapelekee."

"La mdogo wangu? Kwa huyo?"

"Mgonjwa hana kosa."

"Mama, yule mwanamke aliimba!"

Mama akanikazia macho. "Wewe ulimsikia?"

"Nilimsikia."

Akaweka mkono kiunoni. "Haya," akasema. "Mimi sikumsikia." Akachukua kigae chake cha makaa akaenda, na blanketi likabaki.

Miezi hiyo hiyo nilikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara. Tulikaa kwenye mabenchi ya kanisa, mikono makwapani, tukizisema amri kwa zamu. Siku ilipofika zamu yangu nikaangukiwa na ile inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Niliisema yote bila kukwama, pamoja na maelezo yake. Mwinjilisti akawaambia wenzangu wanipigie makofi, na wakanipigia.

Naandika haya nikiwa Mpemba, mji mdogo karibu na Tunduma ninakokaa sasa na watoto wangu, kando ya barabara kuu. Malori yamepanga foleni kuelekea mpakani, madereva wanakunywa chai kwangu, na wengi wakimaliza wananiambia mama, wewe una utulivu. Huwa nacheka. Laiti wangeniona kipupwe kile. Sikuzaliwa na utulivu wowote. Nilifundishwa kwa gharama ya mtu mwingine, na mtu huyo hakunidai chochote.

Mume wa Mama wa Juu alifariki mwezi wa saba, saa tatu asubuhi, ukungu ukiwa ndio unaanza kupanda. Tulikuwa tunaanika kahawa kichanjani, mama na mimi. Kilio kikashuka kutoka juu, kimoja, kirefu. Kwetu kilio kikisikika, kinajibiwa. Mwanamke wa karibu analia, wa mbali anapokea, mpaka kijiji kizima kinajua. Mama akajibu. Akaweka mikono kichwani akalia kwa sauti yake yote, kisha akanyamaza kusikiliza.

Hakupokea mtu. Tulichosikia ni mashine. Ya kwa balozi, ya kwa jirani wa kushoto, na nyingine ng'ambo ya bonde, zote zinazunguka, kraa kraa kraa, kama siku yoyote ya msimu. Watu walitaka asikie. Mfereji wetu ulibaki safi kwa sababu wao wako chini, lakini sauti inapanda. Mwinjilisti tulipewa habari kwamba amepata safari ya ghafla kwenda Vwawa.

Mama alifunga kanga kiunoni, akachukua jembe na koleo. Hakuniambia nimfuate. Nilimfuata kwa mbali.

Akachagua mahali karibu na kahawa zao, akaomba kwa kifupi, akaanza kuchimba. Mwanamke mmoja, mwenye mwili mdogo, ambaye kaburi la mtoto wake lilikuwa halijamaliza hata wiki sita. Udongo wetu wa juu ni mwekundu na laini, lakini ukishapita goti unakuwa mgumu kama tofali. Alipiga jembe, akachota kwa koleo, akatupa nje, akapiga tena. Mashine zikawa zinaendelea kule chini. Jua likatoka bila joto. Alipofika magotini akasimama kushika kiuno, na nikaona mpini wa jembe una damu.

"Mwanangu," akaniita bila kugeuka. Kumbe alijua nipo. "Niletee maji ndani."

Nikaingia ndani ya nyumba ile kwa mara ya kwanza tangu msiba wetu. Macho yalipozoea giza nilimwona marehemu amelazwa mkekani, amefunikwa magunia mawili ya kahawa yaliyoshonwa pamoja. Yalikuwa mafupi. Miguu ilitokeza, na Mama wa Juu alikuwa ameketi hapo chini ameishika kwa mikono yote miwili, anaisugua polepole kama mtu anayempasha joto mtoto. Akaniona. Hakushtuka.

"Karibu mwanangu," akasema. "Maji yako kwenye ndoo."

Nilichota, nikampelekea mama, nikamwangalia akinywa. Nilijua hawezi kumaliza kaburi lile peke yake. Jua lingetua, na maiti yule angelala pale na magunia yake, na kesho vivyo hivyo. Na nilijua kijiji kizima kimetiwa kufuli kwa neno moja na ufunguo ninao mimi. Nilimwomba Mungu anipe njia nyingine. Nilimwomba kweli, nikiwa nimesimama pale na kata mkononi. Hakunipa.

Balozi alikuwa kwenye mashine yake, mkewe anamimina kahawa kwa juu. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuacha kuzungusha.

"Baba, nimekuja kusema," nikasema. "Siku ile hakuwa anaimba."

"Nani?"

"Mama wa Juu. Hakuimba. Alikuwa analia. Nilimwona, alikuwa analia peke yake. Mimi ndiye nilisema anaimba."

Mashine ikasimama. Mkewe akabaki na ndoo hewani. Balozi alinitazama, na uso wake haukuwa na huruma hata kidogo.

"Unajua ulichotufanyia?" akasema. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajishika kichwa. "Tumemnyima yule mtu moto mpaka amekufa," akasema, na hilo hakuniambia mimi.

Sikuchapwa. Ningependa kuchapwa. Akainuka, akafunga maji, akanawa mikono mpaka viwikoni, akachukua koleo. Alipita nyumba ya jirani wa kushoto, mashine ya pale ikanyamaza. Akapita nyingine, nayo ikanyamaza. Nilikuwa nakimbia kwenda nyumbani na nilizisikia zikizimika moja moja, mpaka ng'ambo ya bonde, mpaka kukawa na kimya kabisa na upepo wa migombani peke yake. Na ndipo nilipolia, yale machozi ya wiki sita yote, nikiwa nimekumbatia blanketi.

Nilipanda nalo juu. Wanaume walikuwa wameshamtoa mama shimoni, mkewe balozi anamfunga viganja kwa kipande cha kanga. Wengine walikuwa hawawezi kumtazama mtu machoni. Nikaingia ndani, nikamkabidhi Mama wa Juu blanketi kwa mikono miwili, bila neno. Akaligusa, akalitambua, maana mdogo wangu alikuwa akijiburuta nalo mpaka kule asubuhi za baridi. Akaliinua usoni akalinusa. Halafu tukamviringisha mumewe, kuanzia miguuni.

Tulimzika kabla jua halijazama. Mwinjilisti alirudi kutoka safari yake kwa wakati.

Siku zilizofuata nililala na shuka na koti la baba. Nilitetemeka mpaka kipupwe kilipokwisha, na sitasema uongo tena, baridi iliniuma. Lakini nilikuwa nalala. Mama aliposhukuru kwa unga na kuni na mtoto aliyebaki, mimi nilimaliza pamoja naye, inatosha, Bwana, na kwa mara ya kwanza nilijua anachosema. Hakuwa anamwambia Mungu kwamba vitu vyote viko sawa. Alikuwa anamwambia kwamba kwa leo atashika hiki kidogo na hatakiachia.

Siku ya tatu baada ya maziko Mama wa Juu alishuka kwetu asubuhi, kanga nyeusi kichwani. Nilikuwa naosha kahawa. Nilipiga magoti pale pale kwenye matope ya mfereji.

"Mama, nilisema uongo juu yako."

"Najua, mwanangu," akasema. "Nilikuona. Ulikuwa umesimama nyuma ya mgomba, viatu mkononi."

"Uliniona? Sasa mbona kwa balozi hukusema?"

"Ningesemaje?" Akaniinua kwa kiwiko. "Ulikuwa umetoka kumzika mdogo wako. Nikuite mwongo mbele ya watu, juu ya hilo tena? Niliona mtoto huyu ana mzigo wa kutosha."

Mama alikuwa ametoka mlangoni, viganja bado vimefungwa, anatusikiliza.

"Kutengwa kuliniuma," Mama wa Juu akaendelea, "lakini si sana kama lile lingine. Mtoto yule alikuwa akipanda kwangu kila asubuhi. Mama wa Juu, ndizi yangu iko wapi? Anasema yangu, eti. Siku ile nilikuwa namlilia yeye. Mikono inazungusha kahawa ya mgonjwa, moyo uko huku chini kwenu. Na sikuja kumtilia udongo." Akamgeukia mama. "Dada, naomba ruhusa. Nipelekeni."

Tukazunguka nyuma ya nyumba, watatu. Kaburi lilikuwa limeanza kuota majani madogo, na mfereji ulipita pembeni na maji meupe, baridi. Akainama, akachota udongo kwa mkono wa kulia, akauachia taratibu. "Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nimechelewa."

Nilisimama nyuma yao, nikidhani shughuli imekwisha. Lakini hakuondoka. Alisogea kando akaacha nafasi, akanitazama, akasubiri.

"Na wewe," akasema. "Siku ile wenzako walipotia udongo, wewe ulikuwa kwangu."

Nikapiga magoti nikachota.